Mipeasi ya Ukutani Hartscombe

Ndugu yangu Clive ni mtu wa kupanga. Hata kwenda dukani kununua maziwa anaandika orodha. Mungu anisamehe, mwaka huu nilitamani kumkaba.

Mama alituomba kitu kimoja tu. Macho yake yalikuwa yanakwisha, na daktari alishasema kufikia Juni hatakuwa anaona kitu. Alitaka kuiona tena mipeasi ya Hartscombe ikiwa na maua. Hartscombe ni jumba la mabwana wa zamani, siku hizi tunaingia kwa tiketi. Mama alikuwa mtunza bustani pale tangu ana miaka kumi na sita, na ile mipeasi aliitandaza ukutani yeye mwenyewe, akifunga tawi kwa tawi.

Maua ya mpeasi hayakai. Siku kumi, kwisha. Kwa hiyo yalipochanua katikati ya Aprili, nikakata tiketi za Jumanne.

Clive akapiga simu. "Hilary, umeangalia hali ya hewa? Jumanne mvua."

"Tutabeba miavuli."

"Mama ana miaka themanini na saba, dada! Unataka kumuua? Na hicho kiti chake cha magurudumu kitanasa kwenye tope. Hamishia Ijumaa."

Nikahamisha. Ijumaa wakatabiri upepo. Jumapili mgahawa wa pale ulikuwa umejaa, na Clive haoni maana ya bustani isiyoishia kwenye chai na keki. Jumatano maegesho ya walemavu hayakuwa na nafasi. "Subira huvuta heri," ananiambia. Heri gani? Ningeweza kumchukua Mama nikaenda zangu, lakini kwetu hatugombani. Tunasema "sawa, wazo zuri," halafu tunasaga meno jikoni.

Kila asubuhi Mama aliniuliza, "Leo?"

"Bado kidogo, Mama. Tunasubiri jua."

Anarudi kwenye chai yake.

Jua likatoka tarehe kumi Mei. Clive alikuja na kofia mpya, anajichekea. "Mnaona sasa? Si niliwaambia?" Tulipofika ukutani nikaona majani matupu. Hapakuwa na hata ua moja la kusingizia. Uso wa Clive ukamshuka.

Mama alikuwa ameinua kidevu kule kitini. "Imechanua?"

Kabla sijafungua mdomo, Clive akadakia, "Imechanua, Mama! Ukuta wote mweupe pe!"

"Nisogezeni."

Akanyoosha mkono, akapapasa tawi taratibu mpaka vidole vikakuta kitu kidogo kigumu, kama punje ya njegere. Akakibonyeza kwa kidole gumba. Nikajua tumekwisha.

"Clive, hiki ni kitunda. Maua yameanguka zamani."

"Mama, ile mvua..."

"Mvua!" Alicheka, lakini si kwa furaha. "Mwanangu, miti hii niliifunga kila Februari, mvua inanipiga mgongoni, miaka minane. Hakuna aliyeniambia nisubiri jua."

Clive akavua kofia. Mimi nilikuwa nimeshika mipini ya kiti, hasira zimenijaa, na nusu yake nilikuwa najikasirikia mwenyewe. Nani alikuwa akisema sawa, sawa, kila mara?

"Haya," Mama akasema, mkono bado uko tawini. "Basi angalau hilo jua lenu limetoka?"

"Limetoka, Mama," nikamjibu. "Linawaka kweli kweli."

"Silioni," akasema.