Fundi wa Boila wa Kabankalan

Kwa miaka ishirini Teodulo Magbanua hakumfundisha mtu kuendesha boila kuukuu la kiwanda cha sukari. Wengine walipopunguzwa kazini, yeye alibaki, maana bila yeye mvuke haukupanda, na bila mvuke Kabankalan nzima, mji usiojua zao jingine ila muwa, ingelala njaa.

Februari ile binti yake Jovelyn alikuwa anaolewa Iloilo, ng'ambo ya mlango wa bahari. Teodulo akaomba ruhusa ya siku mbili.

"Mzee Dulo, malori yamejaa langoni, miwa inachacha," alisema meneja. "Nani atashika boila?"

"Eliseo," alijibu Teodulo, akimtaja msaidizi wake.

"Eliseo? Si juzi tu ulimfukuza penye boila kwa matusi, kisa kachungulia geji ya mvuke!"

Ruhusa haikutoka; Teodulo akarudi kwenye boila. Siku ya harusi mkewe alimpigia simu kutoka kanisani, lakini kwa ngurumo ya moto alisikia makofi tu. Akamwita Eliseo.

"Njoo nikufundishe."

"Umechelewa, kaka. Jumatatu nasafiri. Nimepata kazi Saudia."

Teodulo akarudi kuulisha moto makapi ya miwa. Msimu wa kusaga miwa ulikuwa umebakiza miezi mitatu.