Salamu za Maksai

Gasper hakuwahi kuiona hiyo bahari nyembamba ya Uarabuni ambako wakubwa wa dunia walikuwa wakitunishiana misuli, wala hakuwa na ugomvi na mtu yeyote wa huko. Lakini meli za mafuta zilipozuiwa kupita, aliyekwama alikuwa yeye, pale Mkula, kando ya barabara ya Kidatu kwenda Ifakara, na pawatila yake, ile trekta ndogo ya kuongozwa kwa mikono, imefunikwa turubai uani. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi redio ilitangaza bei mpya, na kila ikitangaza Gasper aliizima kwa hasira, kisha akaiwasha tena kuhakikisha kwamba hakusikia vibaya. Hakuwa amesikia vibaya.

Na mafuta yangevumilika. Kilichomnyima usingizi ni miche. Mpunga aliousia kitaluni ulikuwa umetimiza siku kumi na nane, na miche ikikaa kitaluni sana inazeeka, ukiipandikiza inakutazama tu. Majaruba yalikuwa hayajalimwa hata moja. Chini ya kitanda alikuwa na dumu moja la dizeli, lisilotosha hata robo ya shamba lake, na hilo alikuwa ameapa haligusi mpaka siku ya kusomba mavuno. Shamba lisipopandwa wiki ile, mavuno ya kusomba yasingekuwepo, na nyumba ingekula nini mwaka mzima, hilo hakutaka hata kuliwaza.

Mkewe Agnella alimkumbusha, kwa sauti ya upole aliyoitunza kwa kazi hiyo, kwamba maksai wa Mama Limi bado wapo. Gasper akajifanya anakohoa.

Alikuwa na sababu ya kukohoa. Miaka miwili nyuma, siku pawatila ilipoletwa, furaha ilimpanda kichwani. Alisimama kinuni kwa Salvatory, watu wamejaa wanasubiri kukoboa mpunga wao, akatangaza kwamba yeye na kilimo cha ng'ombe wameachana rasmi. "Mkiniona tena nyuma ya mkia wa maksai," alisema, "msinisalimie mimi. Wasalimieni maksai." Watu walishika mbavu. Katika foleni ile alikuwemo Mama Limi, mjane wa Kisukuma aliyempita umri mbali, ambaye maksai wake wawili walikuwa wamemlimia Gasper huyo huyo miaka yote kabla ya mashine. Yeye hakucheka. Alikoboa mpunga wake, akajitwisha mchele akaenda zake.

Agnella hakusubiri kikohozi kiishe. Alfajiri alikwenda kwa Mama Limi, akapiga magoti, akaamkia, akaeleza shida. Mama Limi alikubali bila kutaka malipo. Alisema miche yake yeye bado michanga, kwa hiyo shamba lake litasubiri. Sharti lilikuwa moja tu: wanawe walikuwa wamekwenda mbali kuchunga mifugo, kwa hiyo Gasper angekuja kuwachukua maksai na kuwaongoza mwenyewe.

Gasper alipiga moyo konde. Alipanga kwenda gizagiza ili asionekane, akasahau kwamba hiyo ndiyo saa ambayo Mkula nzima inakwenda shambani. Jua lilipochomoza alikuwa katikati ya jaruba la kwanza, ameshika plau, nira imekaa vizuri shingoni mwa maksai, na maksai wamesimama wanatafuna hewa. Aliwaambia waende. Hawakwenda. Aliwaambia kwa Kiswahili, akawaambia kwa Kipogoro, na mwishowe, kwa kuwa utotoni aliwahi kutumikia altareni, akawatupia na Kilatini alichokumbuka. Yule mwekundu alipiga mkia, basi.

Wa kwanza kumwona alikuwa Salvatory, aliyeshuka kwenye baiskeli yake taratibu, akaiegemeza, akavua kofia.

"Shikamooni, wazee," aliwaambia maksai.

Gasper akamsalimu. Salvatory hakumjibu, kwani amri ilikuwa imetolewa na mwenyewe. Baada yake walikuja wanawake wa kupandikiza, mmoja mmoja, wakainama kwa adabu zote mbele ya maksai na kumpita Gasper na plau yake kana kwamba pale hapakuwa na mtu. Hata Agnella aliamkia, na sauti haikumtetemeka. Gasper alitamani tope lile lifunguke limmeze mzima, na plau juu yake.

Ndipo akaja Mama Limi. Alisimama kwenye tuta, akawatazama maksai, kisha Gasper.

"Umewasalimia?"

Gasper alidhani na yeye anamchezea shere, akataka kukasirika. Lakini Mama Limi hakuwa na mzaha hata chembe. Alimweleza kwamba marehemu mumewe hakuwahi kuwashikisha kazi maksai wake kabla ya kuwajulia hali. Zamani alikuwa akiwasalimia nyumbani kabla ya kuwaleta, ndiyo maana Gasper hakuwahi kuliona jambo hilo. Tangu aondoke, kila asubuhi anawasalimia yeye, ila leo Gasper aliwachukua gizagiza kabla hajaamka. Kazi isiyoanza na salamu hawaijui. Na Kiswahili pia hawakijui, kwa hiyo Gasper asijisumbue.

Akamfundisha neno la Kisukuma la kuamkia asubuhi. Gasper aliangalia barabarani. Watu sasa walikuwa wamejipanga. Akalinong'ona. Maksai wakaendelea kutafuna. Mama Limi akamwambia kwamba mwenye kusalimia husalimia ili asikike.

Gasper akavuta pumzi, akafikiria miche yake, akapaza sauti hadi ng'ambo ya mfereji: "Mwangaluka!"

Yule mwekundu akachezesha sikio. Kisha wote wawili wakaondoka kwa mpigo mmoja, wakamkokota Gasper na plau yake mpaka mwisho wa jaruba, tope magotini, kofia ikibaki nyuma. Watu barabarani walipiga vigelegele. Na Gasper, alipofika kule mwisho na kugeuka, akajikuta anacheka kuliko wote. Kitu kilichomkaa kifuani tangu bei ya kwanza ilipotangazwa kilikuwa kimeyeyuka, na alikuwa na furaha tele.

Siku tano walilima, na nyuma yao wanawake wakipandikiza na kuimba. Kufikia siku ya tatu Gasper alikuwa na mazoea ya kuwasimulia maksai habari za dunia kila wanapogeuza: nani kamtisha nani, meli ngapi zimerudi. Walisikiliza vizuri kuliko watu wa kwa Salvatory. Mche wa mwisho ulipoingia ardhini, miche ilikuwa bado inafaa.

Usiku huohuo mvua ilishuka milimani Udzungwa kwa hasira, na asubuhi shamba dogo la Mama Limi, lililo bondeni, lilikuwa tope tupu, laini kama uji. Maksai wakiingia mle wangezama hadi tumboni. Mama Limi alisimama akilitazama, miche yake sasa ikiwa tayari, na hakumlaumu mtu. Gasper alijua vizuri kwamba siku zile tano walizomlimia yeye, maksai wangeweza kulilima shamba hilo kabla ya mvua.

Alirudi nyumbani, akainama chini ya kitanda, akalitoa dumu. Agnella alimwona, akaenda kuondoa turubai. Walifunga magurudumu ya vyuma, yale ya kutembelea kwenye tope, wakaisukuma pawatila hadi bondeni.

"Mama," Gasper alisema, "siku ile kinuni nilikosa adabu."

"Nilisikia," alijibu Mama Limi. "Maksai ndio hawakusikia."

Gasper alimimina dizeli yote, hakubakiza ya mavuno. Akazungusha hendeli. Kimya. Akazungusha tena, na tena, jasho likimtiririka. Mashine ilikuwa imelala miezi, na haikuonyesha dalili ya kuamka.

"Umeisalimia?" Mama Limi aliuliza.

Akateremka mwenyewe kutoka kwenye tuta, akaweka kiganja juu ya ile mashine ambayo siku ilipoletwa ilimfanya achekwe, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo," akaiambia.

Gasper akazungusha hendeli kwa nguvu zote. Pawatila ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma bonde zima.

"Marahaba, mama," Gasper akaitikia kwa niaba yake.

Na Mama Limi, ambaye siku ile kinuni hakucheka, alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta.