Hodi ya Tatu Mlangoni kwa Mfalme

Usiku wa jana niliota nimeajiriwa kwenye kasri la Mfalme, na kazi yangu ilikuwa kutoitikia hodi. Nilipewa kigoda nyuma ya mlango mkubwa, kanzu ya kijani na sheria moja: mtu akibisha, nyamaza. Atakayesema karibu atakatwa ulimi. Niliuliza kama kuna likizo. Wakasema ipo, kwa waliokwisha kukatwa.

Aliyenielekeza kazi alikuwa Mlango mwenyewe, wa mninga na misumari ya shaba, mwenye sauti ya mtu anayesinzia msibani. Alinieleza kwamba ufalme ule umesimama miaka na miaka bila jeshi la maana kwa sababu wananchi wake ni watu wa adabu. Kila wanapochoka huja na marungu, hufika kizingitini, na hupiga hodi. Hupiga ya pili. Hupiga ya tatu. Kimya. Basi huambizana kwamba labda wenyewe wamelala, na hurudi makwao.

"Hawajawahi kusukuma?" nikauliza.

"Nyumba ya watu?" Mlango akashangaa. "Kwani wao hawakulelewa?"

Hata mimi nisingesukuma.

Nikataka kujua wanachochoshwa nacho. Nachungulia tundu la ufunguo, na mara nimo barazani kwa Mfalme. Mfalme amelala chali juu ya zulia na amejaa chumba kizima, kuta hadi kuta. Sheria ya kwanza ya nchi inasema Mfalme ndiye nchi, na pale hakuna anayeichukulia kama methali. Mito inapita katikati ya vidole vyake. Akijikuna ubavu, watu wa kusini wanahama. Waziri wa Chakula anamwekea sikio tumboni, anasikiliza, halafu anatangaza kwamba mavuno ya mwaka huu ni mazuri sana. Kwa kuwa Mfalme ameshiba, nchi imeshiba, na mwenye njaa anamzushia Mfalme.

Kodi nayo ilikuwa na mantiki yake. Kila mguu unaokanyaga ardhi unamkanyaga Mfalme, kwa hiyo unalipa. Mabwana wakubwa hawakulipa kitu, kwa sababu walibebwa mgongoni na miguu yao haikugusa chini. Anayembeba bwana alilipia miguu yake, akalipia na ule uzito wa ziada. Nilimwuliza bwana mmoja aliyekuwa mgongoni kama haoni haya. Alisema huona, hasa wakati wa kuteremka kilima.

Halafu ukapita Mkate. Ulikuwa umelazwa kwenye machela, umefunikwa hariri, askari mbele na nyuma. Nikajikuta nimeuamkia shikamoo. Ukasema hauongei na watu wanaolipwa mwisho wa mwezi.

Niko tena kwenye kigoda changu. Nje kuna kishindo cha watu, na mbele yao amesimama Semkiwa kinyozi, ambaye hata mtaani kwetu hakuna asilolijua. Ukikaa kwenye kiti chake unatoka na nusu ya nywele na serikali mpya kabisa. Sasa amevaa aproni yake na ameshika mkasi.

"Hodi," anasema Semkiwa.

Nanyamaza. Jasho linanitoka hadi kwenye visigino.

"Hodi!" wanasema wote, mpaka vumbi linadondoka darini.

Nanyamaza tena. Nawasikia wanashauriana. Mmoja anasema labda wamelala. Mwingine anasema si vizuri kuamsha watu. Wa nyuma wameanza kugeuka, na marungu yamewekwa begani kama majembe ya kurudi shamba.

Hodi ya tatu ilipigwa na mama yangu.

"Hodi jamani, wenyewe mpo?"

Ile sauti niliijua kabla sijaijua dunia. Nikachungulia. Alikuwa peku, miguu imepasuka kwa kutembea, na mkononi ana sahani tupu ameigeuza ili watu wasione kwamba ni tupu. Nikaelewa wazi, kama mtu anavyoelewa mambo ndotoni, kwamba asipoitikiwa hatafika nyumbani. Ataanguka njiani kwa njaa, na Waziri atatangaza mavuno.

"Kazi ni kazi," Mlango akaninong'oneza.

"Huyo ni mama yangu."

"Mimi nilizaliwa na seremala," akasema. "Sina la kukushauri."

Niliogopa, sitaki kudanganya. Niliushika ulimi wangu kwa vidole kana kwamba naagana nao. Kisha nikasema, "Karibu, mama."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini karibu ni karibu. Mlango akafunguka mwenyewe, akatazama ukutani na kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Watu wakaingia. Kila mmoja alivua viatu kizingitini, vikajazana pale kama msikitini siku ya Ijumaa, na mapinduzi yakafanyika peku. Ulimi wangu ulisalimika kwa sababu mkata ndimi alikuwa anatafuta ndala zake.

Mkate ulilalamika kuhusu daraja lake mpaka ulipofika kooni. Mama aliumega, akanipa mimi kwanza. "Kula. Umekonda. Humu walikuwa wanakulisha nini?" Sijawahi kufurahi ndotoni kama nilivyofurahi pale. Halafu akakumbuka majirani waliobaki nyuma kwa kushindwa kutembea, akasema anakimbia nyumbani kuleta sufuria, awapelekee chochote.

Huku nyuma ulianza mkutano. Hoja ya kwanza ilikuwa Mfalme afanywe nini. Wengi walitaka akatwe kichwa, lakini watu wa kaskazini wakasimama kupinga, kwa kuwa wao ndio wanaoishi kichwani. Ikapendekezwa miguu, wakasimama wa kusini. Mwishowe wakamvua taji tu. Palepale akawa kizee kidogo chenye mafua, akauliza chakula kinapatikana wapi, akaonyeshwa foleni.

Semkiwa alilishika taji lile ili lisipotee. Mikono ilipochoka akalivaa, ili mikono ibaki huru kwa kazi za umma. Nasi tulimpigia makofi kwa kujitolea.

Yalifuata maazimio. Vyeo vyote vimefutwa, kila mtu ni Ndugu. Kubebwa mgongoni ni marufuku, isipokuwa kwa ridhaa ya umma, na umma ulikuwa tayari umeinama kuonyesha ridhaa. Ile sheria ya kwanza ikafutwa kwa kelele na nderemo, ikaandikwa mpya: Wananchi ndio nchi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

"Na mimi je," akauliza Ndugu Semkiwa, "si mwananchi?"

Tukajibu kwa pamoja kwamba ni mwananchi, tena sana. Akasema kama ni hivyo, basi ajinyooshe kidogo. Akalala chali juu ya zulia, akaanza kujaa. Alipofika ukutani, Waziri wa Chakula, yuleyule ila kanzu mpya, akapiga magoti na kumwekea sikio tumboni.

Nikaitwa mbele. Ndugu Semkiwa alinisifu kwa muda mrefu. Alisema ulimi uliofungua nchi ni hazina ya taifa na hauwezi kuachwa ukizurura. Nikaambiwa niutoe. Wakaugonga muhuri wa wino wa zambarau: MALI YA UMMA. Watu wakashangilia, nami nikashangilia kwa mikono. Kisha nikapelekwa mpaka kwenye kigoda changu, na Mlango akafungwa kwa sababu huko nje, walisema, sasa kuna wachochezi.

"Pole," Mlango akaniambia. "Au hongera. Sijui siku hizi inasemwaje."

"Hodi," anasema mama.

Nachungulia. Amerudi na sufuria kichwani, anahema.

Nafungua kinywa. Ulimi umelala tu. Nausukuma kwa kidole, hauinuki. Wakati wa Mfalme niliahidiwa kisu, nao ulisema karibu. Sasa hakuna aliyenitishia chochote, na hauwezi.

"Hodi," anasema tena.

"Sema," nikauomba kwa moyo.

"Tulia, Ndugu," Ulimi ukanijibu, kwa sauti yangu mwenyewe ila ya kiofisi kidogo. "Tunasubiri maelekezo."

"Hodi, mwanangu. Najua umo humo."

Ikawa ya tatu. Kwa desturi angeondoka, kama walivyoondoka wengine miaka yote. Yeye nilimsikia akiitua sufuria chini, kisha sikusikia hatua. Alisimama. Naye alijua kwamba mimi namsikia akisimama. Nililia bila sauti, kwa kuwa sauti nayo sikujua ni ya nani, mpaka nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mama yangu tunakaa naye hapa Korogwe, na asubuhi huwa jikoni kabla ya jogoo. Leo nilimkuta uani, ameketi kwenye mkeka, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani.

Nikamwamkia. Hakuitika marahaba.

Nikamwuliza miguu imepatwa na nini.

"Kusimama," akasema.

Nikataka kumwuliza kusimama wapi, nikashindwa. Akanitazama kwa muda, si kwa hasira, ila kama anavyotazama nguo inayohitaji kufuliwa.

"Toa ulimi."

Nina mvi na watoto wa sekondari. Nikapiga magoti, nikautoa. Alichovya pindo la kanga yake kwenye beseni, akanishika kidevu, akausugua kwa nguvu kama zamani nilipokula udongo. Pindo likatoka na rangi ya zambarau. Akaliangalia, akalikunja upande safi, akasugua tena mpaka machozi yakanitoka.

"Haitoki yote," akasema, akaniachia kidevu.