Herufi Kubwa za Mzee Elifuraha

Usiku wa jana niliota niko kazini, na hilo liliniudhi, maana hata usingizini sipumziki. Nilikuwa namalizia kadi ya harusi ya Ndeshi na Barakaeli kwenye kompyuta. Mzee Elifuraha, baba wa bibi harusi, amesimama nyuma ya kiti changu.

"Majina yote herufi kubwa," anasema. "Huyu ndiye binti yangu wa kwanza kuolewa. Si mtu wa herufi ndogo."

"Mzee, huu ni mtindo wa mwandiko wa mkono. Herufi ndogo ndizo zinazoshikana. Kubwa kila moja ina maringo yake."

"Wewe andika, mwanangu. Kamati imeshapitisha."

Kazi yangu naijua, lakini kamati ya harusi haibishiwi. Naandika. Nabonyeza kitufe cha mwisho, na kompyuta inakuwa kanisa. Nakaa benchi la mbele, kwa sababu ndoto ni yangu.

"Shikaneni mikono ya kuume," anasema mchungaji.

Ndeshi ananyoosha mkono. Barakaeli naye ananyoosha. Haifikiani. Katikati yao zimekaa herufi kubwa, kila moja kwenye kochi lake, imejizungushia mkia kichwani kama kilemba.

"Sogea," namwambia N.

"Nisogee niende wapi? Mimi ni wa mwanzo wa jina."

"Na wewe, D?"

"Na mimi wa mwanzo. Hapa wote ni wa mwanzo, dada. Hakuna anayemfuata mwenzake."

Mlangoni, herufi nyoofu, zisizo na mikia, nilizoandikia ukumbi na saa kwenye kadi zinaelekeza wageni bila tabu. Hizo nilizichagua mwenyewe, sikuuliza mtu.

"Baba, simfikii!" Ndeshi analia. Bega lake limevutika mpaka gauni linaachia uzi. Nilimwonea huruma kwelikweli.

Mchungaji anafunga kitabu taratibu. "Wasioshikana siwafungishi ndoa. Nitaita wanaofuata."

Nasimama. "Mzee, kidole kimoja hakivunji chawa. N na B wabaki mbele, hiyo ni heshima yao. Wengine wote washuke kwenye makochi wawe wadogo, washikane. Binti yako hatapungua hata kidogo."

"Kamati itasemaje?"

"Kamati haiolewi."

Mzee anamtazama binti yake, kisha ananitazama mimi. Anafungua mdomo kujibu, na simu yangu inalia. Naamka. Kumekucha.

Ni yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kadi umeshazipeleka zikachapwe?"

"Bado."

"Weka herufi ndogo. Kubwa ibaki ya kwanza tu."

"Na kamati?"

"Achana nayo." Akakohoa. "Ndeshi ameamka bega linamuuma, hawezi hata kuchana nywele. Mama yake anasema amelala vibaya. Mimi nimenyamaza tu, maana kanisani nilikuwepo."