Grisi ya Mabomba ya Bia

Katika chumba kile cha maabara mikono haina kazi. Mlango wa chemba ukishafungwa kwa boliti zake kumi na sita, hakuna kugusa, hakuna kukaza, hakuna kupangusa. Unakaa kwenye kiti cha plastiki na kutazama mistari mitatu kwenye skrini, na ukichoka unatazama ukuta. Ukigusa chochote, jaribio limeharibika, na kazi ya miezi saba inaanza upya.

Ilikuwa siku ya nne kati ya kumi na tano. Ndani ya chemba mlikuwa na viungio vyetu vitatu vya nyaya, kila kimoja kikubwa kama ngumi. Vilikuwa vimeshaokwa kwenye tanuri wiki kumi na moja ili vizeeke miaka arobaini, vikapigwa mionzi, vikatikiswa juu ya meza inayoiga tetemeko la ardhi. Sasa vilikuwa vinapigwa mvuke mkali na kunyunyiziwa maji yenye kemikali, kana kwamba bomba kubwa la mtambo wa nyuklia limepasuka karibu navyo. Vilichotakiwa kuonyesha ni kitu kimoja: umeme upite ndani, mvuke usiingie. Kila mstari ni umeme unaovuja kwenye kiungio kimoja: ukikaa chini, kiungio kimekaza. Ukipanda hadi ule mstari mwekundu, fyuzi inakatika, na kiungio kimefeli.

Kiwanda chetu kiko Lhotice, mji mdogo, na tumo watu ishirini na sita, wanawake ishirini na watatu. Mteja wetu ni mmoja tu, mtambo wa nyuklia. Cheti chetu cha zamani kilikuwa kinaisha baada ya miezi minne. Tusipopata kipya, hayupo mtu mwingine duniani anayetaka kununua kiungio kilichotengenezwa kwa ajili ya ajali ambayo kila mtu anaomba isitokee.

"Namba mbili imeamka," alisema Otakar, fundi wa chemba, mzee wa ndala za sufi, mkate wa soseji mkononi.

"Imepanda kiasi gani?"

"Kidogo. Kunywa chai, Injinia."

"Sitaki chai."

"Basi usinywe. Itapanda vilevile."

Kwenye kona alikaa Bwana Havránek, mkaguzi aliyetumwa na mtambo, mtu wa tai na miwani, ambaye kila saa alisimama, akasoma skrini, akaandika tarakimu tatu kwenye daftari lake na kukaa tena. Alisoma namba mbili, akaandika.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu asubuhi, mstari ulipoanza kujikunja, nikalikumbuka kopo moja la bati.

Mwezi wa nne Bwana Havránek alikuja Lhotice kushuhudia sampuli zikiunganishwa. Kazi hiyo tulimpa Bohunka, fundi wetu mkongwe ninayemwita Shangazi, mwenye miaka thelathini na moja kwenye meza ileile. Mimi nilisimama pembeni na karatasi ya maelekezo, hatua kwa hatua, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu hiyo wanawake wa kiwandani waliniita Bibi Karatasi, tena mbele yangu. Bohunka alichukua pete ya mpira inayozuia mvuke, kisha mkono wake wa kushoto ukaenda pembeni, bila yeye kuutazama, hadi kwenye kopo dogo la bati lisilo na maandishi. Mkaguzi alikuwa ameinama kusoma namba ya pete. Kopo halikuwemo kwenye karatasi. Nikalichukua, nikalitia mfukoni mwa koti langu.

Kidole cha Bohunka kiligusa meza tupu. Alinitazama. Nami nikatikisa kichwa, hapana. Akakivalisha kiungio pete ikiwa kavu, akakaza.

Sikumuuliza kopo lilikuwa la nini. Nilifikiri ni mazoea ya wazee. Nilijiona nimetuokoa.

Sasa, siku hii ya nne, nikatoka nje ya maabara nikampigia Bohunka simu.

"Shangazi, lile kopo."

"Kopo gani?"

"Nililolichukua mezani kwako siku ya mkaguzi."

"Aa, hilo. Nilidhani umelitupa. Nikanunua jingine."

Upepo ulikuwa mkali uwanjani pale, nikaugeuzia mgongo.

"Ulikuwa unapaka nini nalo?"

"Pete. Kidogo tu, kwa ncha ya kidole. Ikiwa kavu inajikunja ukikaza, unaisikia kabisa kwenye kidole gumba."

"Karatasi haisemi kupaka kitu."

"Karatasi ile iliandikwa na bwana mmoja aliyekuja kiwandani mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anatafuta choo."

"Shangazi, ulipaka vingapi?"

"Vyote."

"Vyote vya mwaka huu?"

"Blanka. Vyote. Tangu nianze. Na wasichana niliowafundisha wanapaka. Ulitaka tuvipeleke vikavu vikavuje?"

"Ni grisi gani?"

"Ya Jaromír." Jaromír alikuwa mumewe, marehemu sasa, fundi wa mabomba ya bia katika baa zote za wilaya yetu. "Haina harufu, haili mpira. Nionyeshe baa moja ya Lhotice ambako bomba linadondosha. Kwani vipi, hivyo vyenu vinaendeleaje?"

"Namba mbili inapanda."

Nilisikia redio ya jikoni kwake.

"Ndicho kile kilichonikatalia," alisema. "Nilikisikia."

Fyuzi ilikatika saa nane na dakika arobaini mchana. Haikuwa na kishindo, ilisema *tik*, na taa moja ya kijani ikazimika. Otakar aliweka mkate wake chini. "Pole, Injinia," alisema, na safari hii hakunitania.

Bwana Havránek aliandika saa, kisha akafungua mkoba na kutoa fomu ya kufeli. Aliiweka mbele yangu, akanionyesha swali la saba kwa ncha ya kalamu: *Je, sampuli iliyofeli ni sawa na bidhaa mlizokwisha kuuzia mtambo?* Visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

"Na mtu akijibu Hapana?" niliuliza.

"Nitataka kujua hivyo nilivyo navyo mtamboni ni vitu gani, kwa sababu sivyo vilivyo kwenye karatasi zenu."

"Na akijibu Ndiyo?"

"Nitajua kwamba nilivyo navyo vinavuja."

"Mtavitoa?"

"Vyote. Elfu moja mia mbili na kumi." Alivua miwani, akaipangusa. "Kwa jibu lolote, Injinia. Kiungio nisichokijua siwezi kukiacha mle, kama nisivyoweza kuacha kinachovuja."

"Hata kama ni kizuri kuliko hiki?"

"Huenda ni kizuri. Nani amekijaribu?"

Alikuwa sahihi. Mtu angeweza kusema tujaribu upya, safari hii na grisi. Kujaribu upya ni miezi saba. Nilikuwa na minne.

"Sihitaji jibu leo," alisema. "Nalihitaji kesho saa sita."

Kesho yake Bohunka alikuja na treni ya asubuhi, hakuniambia. Nilimkuta mapokezini na koti lake la Jumapili, na sahani ya maandazi ya jibini aliyoifunika kwa kitambaa. Otakar alimpa ndala za wageni, akazivaa, akaingia chumbani akiburuta miguu kwa sababu zilikuwa kubwa. Aliisogelea chemba, akaitazama kama mtu anayetazama mlango wa wodi.

"Wamo humu?"

"Wamo," alisema Otakar. "Usiguse, mama."

"Sigusi. Inafunguliwa lini?"

"Baada ya siku kumi."

"Na huyu wa pili, akiwa ameshakufa, naye anabaki humo siku kumi?"

"Sheria."

Akaweka maandazi mezani. Bwana Havránek alichukua moja, akashukuru, akarudi kwenye kona yake. Bohunka akakaa karibu nami, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kopo langu unalo?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa bado mfukoni mwa koti lile. Nikampa. Akalifungua, akainusa grisi, akalifunga.

"Kidole kimoja tu," alisema. "Wangefungua kidogo, nikapaka hawa wawili waliobaki."

"Haiwezekani, Shangazi."

"Najua haiwezekani. Nimesema tu."

Nikamwonyesha fomu. Nikamweleza swali la saba polepole. Nikamwambia kwamba nikiweka alama kwenye Ndiyo, hakuna atakayemtaja mtu: kiwanda kitakuwa kimetengeneza kitu kibovu, basi, viwanda hufungwa kila siku. Nikiweka kwenye Hapana, chini yake kuna mistari minne ya maelezo, na katika mistari hiyo itabidi niandike kopo, na jina la mwenye kopo.

"Na hao elfu moja na kitu, wanatolewa kwa vyovyote?"

"Kwa vyovyote."

"Na wasichana wanarudi nyumbani kwa vyovyote."

"Ndiyo."

"Basi kinachobaki ni wewe kuandika kwamba vyangu vinavuja au havivuji."

"Sivyo inavyosema, Shangazi."

"Ndivyo inavyosema. Nisomee tena."

Nikamsomea tena. Alisikiliza akiwa amekaza macho kwenye mlango wa chemba.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Hakijarudishwa hata kimoja. Waniite tapeli, sawa, nitapita sokoni na watanitazama. Lakini hutaandika kwamba vyangu vinavuja. Weka alama kwenye Hapana."

"Mimi ndiye niliyekuondolea kopo."

"Nalo liandike. Mistari si minne? Inatutosha wote wawili."

Nikaweka alama. Nikaandika kwamba tangu mwanzo pete zote zimekuwa zikipakwa grisi isiyo kwenye maelekezo, ambayo ni grisi ya mabomba ya bia, na kwamba sampuli hizi hazikupakwa kwa sababu mimi, Blanka Vrbová, niliizuia mbele ya mkaguzi bila kuuliza. Niliandika jina lake, naye akalitazama likiandikwa, akanisahihisha herufi moja. Bwana Havránek alisoma yote akiwa amesimama. Aliposoma neno bia alirudi nyuma akalisoma tena. Kisha akamtazama Bohunka. Akaitia fomu mkobani.

"Saa tano na dakika hamsini," alisema, akaandika.

Treni ya kurudi ilikuwa saa tisa, lakini Bohunka hakuondoka. Jaribio linaendelea hata kama kiungio kimoja kimefeli, mistari miwili ilikuwa bado hai, na mimi, shahidi wa kiwanda, nililazimika kuwepo hadi mlango ufunguliwe. Bohunka alikaa kwenye kiti cha plastiki, kopo mapajani, ndala zimemzidi miguu. Otakar alimwekea chai, na yeye aliinywa.

"Huu ndio wa tatu?" aliuliza baadaye kidogo, akionyesha skrini kwa kidevu.

"Ndio."

"Ulikuwa pale tangu nije?"

Nilitazama. Haukuwa pale. Ulikuwa umenyanyuka kidogo, upana wa unywele, na ulikuwa unaendelea kunyanyuka. Kidole gumba cha Bohunka kilianza kuzunguka juu ya kifuniko cha kopo, taratibu, kama anayekaza.