Masizi kwenye Bomba

Tamsin Heald aliingiza kidole chake cha mwisho kwenye bomba la moshi la injini ili atoe unywele wa brashi ulioangukia humo, na kidole kilipotoka kilikuwa cheusi.

Akakinusa. Mafuta yaliyoungua na makaa ya mawe. Akageuka kuona kama kuna aliyemwona, ingawa karakana ilikuwa na mtu mmoja tu zaidi yake, Clement Oldroyd, mpaka rangi, ambaye alikuwa ameinama pale dirishani akivuta mistari myembamba kwenye tangi la maji kana kwamba amesahau kupumua.

Injini yenyewe ilichukua nusu ya benchi. Ilikuwa mfano mdogo wa injini ya treni ya mvuke, ya kijani, yenye magurudumu makubwa sita, na kila kilichokuwapo kwenye injini halisi kilikuwapo hapa kwa kimo cha kidole: ribiti, mabomba, hata mnyororo wa mlango wa makaa. Iliundwa kwa tupa, jiliwa na mashine ya kukereza, katika karakana hii nyuma ya nyumba ya Mzee Ellis Garside, kwenye mji ambao zamani ulijaa watu wa reli na sasa umejaa wajukuu wao.

Tatizo lilikuwa moja. Injini hii haikupaswa kuonja moto. Bwana Averill, mkusanyaji aliyeiagiza, alikuwa amelisema hilo tangu siku ya kwanza, na Mzee Garside akampa mkono. Iwe na nguvu ya kuvuta watu wazima, lakini isiwashwe kamwe. Itakaa ndani ya kabati la kioo pamoja na nyingine zake. Boila lilikuwa limejaribiwa kwa maji na pampu, magurudumu yakazungushwa kwa hewa, basi. Na Bwana Averill si mtu wa kuamini kwa macho. Alikuwa daktari wa meno kabla hajastaafu, na hadi leo hutembea na kioo chake kidogo chenye mpini, pamoja na pamba nyeupe ya kupitisha ndani ya bomba la moshi. Angekuja Jumanne.

"Clement," Tamsin akasema, "kuna mtu ameigusa hii?"

"Mimi naigusa kila siku. Ndiyo kazi inayonipa ugali wangu."

"Nasema kuigusa vingine."

"Vingine vipi?" Clement hakuinua kichwa. "Bibie, ukiwa na swali, uliza. Mstari huu ukipinda kwa ajili yako, utaufuta wewe na mate yako."

Hakuuliza. Alikipangusa kidole kwenye ovaroli na kuanza kufikiri vibaya juu ya watu.

Alikuwa na sababu. Miongoni mwa wakusanyaji kulikuwa na maneno yaliyokuwa yakizunguka tangu mwaka jana: kwamba mikono ya Garside inatetemeka, kwamba injini zake sasa zinaundwa kwingine na kuletwa kwenye maboksi, yeye kazi yake ni kuzibandika jina. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Mikono ilitetemeka. Ndiyo maana kazi ya tupa ndogo ilikuwa imehamia kwa Tamsin, na ndiyo maana ndani ya droo ya mzee kulikuwa na kibao cha shaba kisichozidi ukucha, kilichochorwa GARSIDE NA HEALD, kikisubiri matundu mawili yaliyotobolewa chini ya sakafu ya dereva. Ingekuwa mara ya kwanza jina lake kwenda mahali na injini. Na kama injini hiyo ilikuwa na uongo ndani ya bomba lake, jina lake lingekwenda na uongo huo.

Tena alikuwa amemwona Clement, si zamani, akinywa chai na mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka Leeds, mtu mwenye koti la sufu ya ngamia na macho yasiyotulia. Clement alikuwa na ufunguo wa karakana. Huenda alikuwa akiwaonyesha watu injini ikitembea, kwa malipo. Au huenda kuna mtu aliyetaka Averill aikatae ili ainunue yeye.

Ijumaa jioni, kabla ya kufunga, Tamsin alijing'oa unywele mmoja na kuubandika kwa sabuni kwenye mlango wa tanuri ya injini. Aliona aibu kidogo, kisha akaacha kuona aibu. Jumamosi mchana unywele ulikuwa bado upo.

"Mbona unaichungulia hiyo injini kama jirani anayechungulia ugomvi?" Clement akamuuliza.

"Naangalia kazi yangu."

"Kazi yako haina miguu. Haitakwenda popote."

Jumapili, saa ambayo watu wa mji walikuwa kanisani, Tamsin alipita kwenye kichochoro nyuma ya nyumba ya Garside. Alijitayarishia kisingizio cha skafu aliyosahau. Alitarajia kuiona baiskeli ya Clement. Haikuwapo. Lakini aliisikia injini kabla hajafika kwenye dirisha: pumzi fupi fupi, zenye mpangilio, na chini yake mlio laini wa magurudumu yakizunguka juu ya roli za chuma bila kwenda mahali.

Aliyekuwa amepiga magoti mbele ya benchi la chini alikuwa Mzee Garside mwenyewe. Alivaa suti yake ya kanisani, na juu yake aproni ya ngozi. Kitabu cha nyimbo kilikuwa juu ya jiliwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye mpini wa mvuke, na Tamsin akaona jambo lililomshangaza kuliko masizi: mkono ule haukutetemeka.

Hakugonga. Alirudi nyumbani. Kwa miaka miwili alikuwa akimwambia mama yake kwamba yuko mtu mmoja duniani asiyejua kusema uongo, na mtu huyo amemwajiri. Sasa mtu huyo alikuwa amelidanganya kanisa zima na mteja wake kwa wakati mmoja. Anayeweza hayo anaweza nini kingine? Alianza kukumbuka vitu. Yale magurudumu yaliyofika yakiwa yameshasubuliwa kwa chuma kilichoyeyushwa, mzee akasema ni ya rafiki yake wa mji wa Crewe. Rafiki gani? Ule mlango wa stoo ambao hufungwa.

Jumatatu alimjaribu.

"Bwana Garside, Bwana Averill akiuliza kama imewashwa, tumwambie nini?"

Mzee alikuwa akimimina chai. Ilimwagika kidogo kwenye sahani, kama kawaida siku hizi. "Hatauliza, binti yangu. Hajawahi kuuliza."

"Lakini akiuliza?"

"Kunywa chai yako, inapoa."

Kwa Tamsin hilo lilikuwa jibu la mwenye hatia. Clement, kule dirishani, alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Kwa hiyo wote wawili walijua. Walikuwa pamoja.

Angeweza kuondoka. Aliwaza hata hilo. Lakini alimpenda mzee, na mtu ukimpenda unaweza kumshuku na kumficha kwa mkono uleule. Wanaume walipokwenda nyumbani kula mchana, alifunga mlango, akachukua spiriti, pamba na kijiti, akaanza kuisafisha injini kutoka ndani. Bomba la moshi, kisanduku cha moshi, mirija yote ya boila, mmoja mmoja. Tanuri aliifuta mpaka shaba nyekundu ikang'aa kama siku ilipokatwa. Pamba zote chafu alizitia kwenye jiko la karakana na kuzitazama zikiungua. Alipomaliza, hata yeye asingeapa kwamba injini ile imewahi kuona kiberiti.

Bwana Averill alifika Jumanne asubuhi, mvua ikimchuruzika kwenye ukingo wa kofia. Aliwasalimia wote kwa majina, akauliza hali ya goti la Clement, kisha akavua koti na kunyamaza kama mtu aliyeingia wodini. Aliizunguka injini. Aliangalia mistari ya rangi kwa kioo chake. Aliinama, akaguna kwa kuridhika alipoiona mifereji ya mafuta, ambayo ilikuwa kazi ya Tamsin. Mwisho akatoa pamba, akaifunga kwenye waya, na kuishusha ndani ya bomba.

Ilitoka nyeupe.

Tamsin aliachia pumzi. Lakini Averill aliitazama pamba ile kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Akaishusha tena, akaizungusha. Nyeupe. Akafungua mlango wa tanuri na kuingiza kioo. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ellis," akasema taratibu, "nani ameunda injini hii?"

"Sisi. Mimi na Tamsin."

"Nimeyasikia yanayosemwa huko nje, na kila mara nimekutetea. Nimewaambia watu, Garside hawezi kuniletea kitu cha kwenye boksi." Aliiweka pamba juu ya benchi, mbele ya mzee. "Hii haijawahi kuwashwa."

"Si ndivyo ulivyotaka?" Tamsin akasema, sauti ikamtoka kali kuliko alivyokusudia. "Ulisema isiwashwe."

"Nasema hivyo kila mara, binti. Na kila mara anaiwasha." Averill hakuondoa macho kwa mzee. "Kwenye injini ya kwanza, nilipokuta masizi nilikasirika, nikashika simu nimtukane. Nikafikiri tena. Nikimruhusu, ataiwasha kwa ajili yangu. Nikimkataza, ataiwasha kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu hawezi kuiacha iende bila kujua inapumuaje. Moja tu ilikuja safi, mwaka ule mkewe alipolazwa. Baadaye akakiri mwenyewe kwamba aliinunua nusu tayari, na akanirudishia pesa bila kuombwa. Kwa hiyo sasa, hii?"

Mzee Garside alikuwa akitazama ile pamba nyeupe kana kwamba ni yeye aliyerukwa na akili. "Niliiwasha," akasema. "Averill, niliiwasha. Jumapili."

"Basi masizi yako wapi?"

Mvua ilisikika kwenye bati. Tamsin aliona macho ya Averill yakipita juu ya mikono ya mzee inayotetemeka, na akaelewa kwamba jina la Garside lilikuwa likifutika hapo mbele yake, na kitambaa kilichokuwa kikilifuta ni chake.

"Nimeisafisha mimi," akasema. "Jana. Nilimwona Jumapili kwa dirisha. Nilidhani anakudanganya. Nikataka usijue. Pamba chafu nikazichoma kwenye jiko."

Clement aliweka brashi chini. "Ulimwona ukaja kusafisha, badala ya kuuliza?"

"Nilikushuku na wewe. Kwanza nilikushuku wewe."

"Mimi?"

"Ulikunywa chai na yule mtu wa Leeds."

"Alinunua chai akitaka nimwambie Garside ananunua wapi injini zake. Nikanywa chai yake, nikala na keki yake, nikamwambia ananunua kwa Tamsin." Clement alitikisa kichwa. "Miaka yote naipaka hiyo pua ya mbele kwa rangi ya majiko, isiyobabuka kwa joto. Ulidhani naipaka kwa urembo?"

Averill hakucheka. "Samahani, binti. Masizi yaliyoungua kwenye jiko, mtu yeyote anaweza kudai yalikuwapo."

Hapo mzee akavuta kiti na kukaa. Alipozungumza hakuwa akijitetea. Alizungumza kama mzazi anayeulizwa habari za mtoto.

"Upande wa kushoto unagonga," akasema. "Ikiwa baridi. Mlio mdogo, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Utadhani kuna kitu kimelegea. Usikaze kitu. Mafuta yakipata joto unaacha wenyewe, na baada ya hapo inapumua sawa pande zote. Kwa hewa huusikii. Ni kwa moto tu."

Averill alimtazama. Kisha akachukua koti lake.

"Tulikubaliana injini hii isiwashwe," akasema, "na mimi ni mtu wa kushika makubaliano. Naenda kununua mikate ya nyama pale kona. Kabla ya hapo nitasimama kidogo chini ya upenu, nje ya dirisha lile, kwa sababu ya mvua." Akatoka.

Mzee Garside alitoa kiberiti mfukoni. Alijaribu kuvuta kijiti kimoja, vikamwagika vitatu. Akamkabidhi Tamsin boksi lote.

"Sistahili," Tamsin akasema.

"Sijakuuliza hilo. Nimekupa kiberiti."

Tamsin aliweka vipande vya mkaa vilivyolowekwa spiriti, akawasha, akaongeza makaa yaliyopondwa kwa ukubwa wa njegere, kijiko baada ya kijiko. Sindano ya presha ilipopanda, mzee alimwelekeza kwa kidevu tu, na Tamsin akavuta mpini wa mvuke. Magurudumu yakaanza kuzunguka juu ya roli. Na hapo ukaja, upande wa kushoto, ule mlio mdogo wa ukucha juu ya meza. Tamsin, aliyekereza kila kipande cha upande ule, alitaka kusimamisha.

"Iache," mzee akanong'ona.

Waliiacha. Clement alisogea, akasimama nyuma yao. Nje ya kioo kilichojaa ukungu, kofia ya Averill haikusogea. Mlio ukaendelea, ukafifia, ukarudi mara moja kama anayekumbuka jambo, kisha ukaisha. Injini ikapumua sawasawa pande zote mbili. Kofia ikaondoka dirishani.

Averill aliporudi na mikate minne ndani ya karatasi yenye mafuta, moto ulikuwa umeshuka. Aliiweka mikate mezani. Hakutoa pamba. Aliingiza kidole chake mwenyewe ndani ya bomba, akakitoa, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha, na kukipangusa kwa leso nyeupe ambayo aliikunja kwa uangalifu na kuirudisha mfukoni.

"Kibao kiko wapi?" akauliza. "Naona matundu mawili, kibao sikioni."

Mzee alifungua droo na kukiweka kile kipande cha shaba kwenye kiganja cha Tamsin, pamoja na ribiti zake mbili.

"Nawe kanawe kwanza," Clement akamwambia. "Na kwa masizi hayo usiiguse rangi yangu."