Spea ya Zamani

Ukipeleka redio kwa fundi hapa Kangemi naye asikurudishie spea ya zamani, usirudi kwake tena. Hata kama kile kitu kimeungua hadi kimekuwa masizi, ni chako. Mimi hukitia kwenye mfuko wa karatasi na kumwekea mteja mkononi, aone kwa macho yake nilichotoa. Nina miaka kumi na sita katika kazi hii, na mwanamke fundi akiitwa mwizi mara moja, amekwisha. Sheria hiyo nimeivunja mara moja tu.

Baba yangu, Dalmas Sifuna, alikuwa mtunza bustani Kitisuru Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipiga gita kwenye harusi na kwenye baa, kuanzia hapa mpaka Adams Arcade. Sanduku lake la spika aliachiwa na mwajiri aliyekuwa akihama nchi: mbao nzito, kimo cha kabati la vyombo, na ndani spika moja ya inchi kumi na mbili iliyotengenezwa kabla sijazaliwa. Amplifaya yake iliungua zamani ikaenda kwa wanunuzi wa vyuma. Sanduku likabaki, tukaweka televisheni juu yake.

Mwezi wa nne kiharusi kilimwangusha. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakakatika yote. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe hakuwahi kuniita Namalwa. Aliniita Mayi, yaani mama, kwa Kibukusu chetu. Sasa alinitazama kama anayetazama bango la upande wa pili wa barabara. Iliniuma, tena iliniuma kuliko kifo cha mama, kwa sababu mama alikufa akijua mimi ni nani.

Basi nikajiambia kwamba akisikia gita lake kupitia sanduku lake lilelile, jina langu litamtoka. Daktari hakusema hivyo. Nilisema mimi, na nikishajiambia jambo, kunitoa hapo ni kazi.

Amplifaya ilinichukua wiki tano. Transfoma niliing'oa kwenye mashine ya kanisa iliyopigwa na radi. Boksi lake lilikuwa debe la mafuta ya kupikia nililolipasua na kulinyoosha kwa nyundo. Kila waya niliulehemu mara mbili, na moshi ukajaa chumbani.

"Namalwa, hii nyumba ni ya mgonjwa ama ni workshop?" Senge Rael aliuliza. Yeye ni dada yake Baba, na senge kwetu ni shangazi; ndiye aliyekuwa akimlisha nikiwa kazini.

"Ni ya mgonjwa, Senge. Hii ndio dawa yake."

Nilipofungua spika nikaona aibu. Koni yake, ile karatasi nyeusi inayotetemeka na kutoa sauti, ilikuwa imepasuka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Mtu alikuwa ameibandika kwa kipande cha karatasi na kitu chekundu, kinene, kilichochuruzika ovyo. Nikamcheka fundi huyo kwa sauti. Nilipoijaribu, kila noti nzito ilikuja na mkwaruzo mdogo, kama mtu anayesafisha koo. Nikaamua kwamba kazi yangu haitatoka na kasoro kama hiyo.

Nikaenda mjini kwa Mzee Kiragu, aliyenifundisha kazi. Kibanda chake kiko pembeni mwa Luthuli Avenue. Alinitafutia koni mpya ya inchi kumi na mbili, akaifunga kwa gazeti.

"Na ile ingine utapea nani?" akauliza.

"Mwenye kitu si ni mimi? Nitajirudishia?"

Hakucheka. "Hiyo box ni ya babako. Mwenye kitu ni yeye."

"Baba hata hajui leo ni siku gani, Mzee."

Ningeweza kuirudisha sentensi hiyo kinywani, ningeirudisha.

Jumamosi asubuhi makaa yalikuwa na unyevu wa mvua ya usiku, na jiko likagoma kuwaka. Ile koni ya zamani ilikuwa pale sakafuni, kavu kabisa. Nikaipasua vipande vitatu nikaichomeka chini ya makaa. Ikashika mara moja, nikapika chai.

Mchana nikalisogeza sanduku mbele ya kiti cha Baba kabla hata sijarudisha kitambaa cha mbele. Mimi si mpigaji. Najua wimbo mmoja tu, ule aliofungulia harusi zote. Nikaupiga. Sauti ilitoka safi, bila mkwaruzo wowote, nami nikajivuna pale pale.

Baba aligeuza kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho huku uso ukimkunjamana. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaugusa ukingo wa koni kwa vidole. Akazunguka polepole, akarudi alipoanzia, akazunguka tena. Akaniangalia, safari hii mimi mwenyewe.

"Mayi," akasema.

Nilipiga yowe. Senge akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Mayi. Leta ya zamani."

Akafungua kiganja mbele yangu, kama wateja wangu wanavyofanya.

"Anataka ile mamako Joyline alibandika," Senge akasema, akijipangusa machozi. "Kwani hukujua? Spika ilipasuka kwa harusi ya Obuya, watu washasimama kudansi. Joyline akapiga magoti hapo mbele ya watu, akaishika na rangi yake ya kucha na karatasi ya programu. Tangu siku hiyo Dalmas hajawahi kubali fundi aguse. Alikuwa anasema Joyline ako huko ndani, anakohoa."

Sikujua. Na sikuwa nimemuuliza mtu, mimi ambaye humuuliza mteja kila kitu kabla ya kushika bisibisi. Baba bado alikuwa amefungua kiganja.

"Iko dukani, Baba," nikasema. "Nitaleta kesho."

Akatikisa kichwa kukubali. Aliniamini.

Maneno hayo manne ndiyo pekee yaliyomrudia. Kila asubuhi, siku kumi na moja: "Mayi. Leta ya zamani." Jina nililolilia nililipata, na kila lilipokuja nilitamani kutoroka nyumba. Siku ya tano nilinunua rangi nyekundu ya kucha, nikaichana ile koni mpya kwa wembe na kuibandika mahali palepale. Nikapiga. Ilikwaruza. Baba aliigusa mara moja tu, akauondoa mkono wake, akanifungulia kiganja tena.

Alituacha Jumatano, kabla ya saa sita mchana. Senge alimfumba macho, akaniambia nikifunge pia kiganja chake cha kushoto, kilikuwa wazi na majirani walikuwa mlangoni. Nilikishika. Nilishindwa kukifunga, kwa sababu sikuwa na cha kuweka ndani.